Maneno Mawili ya Nathani kwa Watoto Wetu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nzima kuna jibu la watoto wa shule ya Jumapili ambalo halijanitoka moyoni. Tulikuwa tukisoma Zaburi ya 51, nami nikawaomba watoto wa kati ya miaka saba na kumi waniambie dhambi ni nini. Mikono ikainuka kwa wingi. Dhambi ni kuua, dhambi ni uchawi, dhambi ni kulewa, dhambi ni kuiba ng'ombe za watu, na msichana mmoja akaongeza, kwa uhakika wa hakimu, kwamba dhambi ni kuvaa nguo fupi kanisani. Nilipouliza ni nani kati yetu humu darasani amemkosea Mungu tangu Jumapili iliyopita, mikono yote ikashuka, na mvulana aliyeketi benchi la mbele akanieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa jambo hilo, kwamba dhambi ni za watu wakubwa.

Sikuona sababu ya kumcheka, kwa maana mfalme Daudi, ambaye zaburi hiyo ni toba yake baada ya kumchukua mke wa Uria na kumfanya Uria auawe, naye alianza hivyo hivyo. Nabii Nathani alipomsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, hasira ya Daudi iliwaka, akaapa kwamba mtu yule anastahili kufa na kwamba atalipa mara nne. Daudi aliijua dhambi vizuri sana, mradi iwe ya jirani. Ndipo nabii akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi akakiri, "Nimemfanyia BWANA dhambi," na katika mstari uo huo, kabla mfalme hajafunga wala kutoa sadaka yoyote, Nathani akamjibu, "BWANA naye ameiondoa dhambi yako, hutakufa." Matokeo ya uovu ule yalibaki nyumbani mwake, nayo yalikuwa machungu, lakini msamaha haukusubiri. Hayo ndiyo maneno mawili ninayotaka tuyatafakari juma hili, kwa sababu naamini kwamba kila mtoto wetu anahitaji kuyasikia yote mawili, kwa mpangilio huo huo, kutoka katika kinywa cha mtu anayempenda.

Najua wapo watakaoniambia kwamba watoto ni malaika, na kwamba Bwana mwenyewe alisema ufalme wa Mungu ni wao. Ni kweli alisema hivyo, na ole wake mwalimu atakayewazuia wasimwendee. Lakini mtoto huupokea ufalme kwa sababu hana cha kulipia, hakusemwa kuwa hana cha kusamehewa. Agostino, ndugu yetu wa Afrika ya Kaskazini aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, alipoandika maungamo yake akiwa tayari askofu, alitumia nafasi kubwa kuusimulia wizi wa mapeasi alioufanya na wenzake akiwa na umri wa miaka 16. Hawakuwa na njaa, na nyumbani kwao yalikuwapo matunda mazuri kuliko yale. Waliyaonja machache na mengine wakawatupia nguruwe. Kilichomtisha askofu yule ni kwamba alikuwa ameufurahia wizi wenyewe. Mzazi yeyote aliyewahi kumwona mtoto wa miaka mitano akimfinya mdogo wake kisha akitazama pembeni kwa uso mtulivu anaelewa kwamba jambo hilo halisubiri miaka 16.

Basi, kwa nini watoto wetu wanaodhani dhambi ni za watu wakubwa ni wengi hivi, ilhali kila siku wanaadhibiwa? Nadhani jibu liko katika namna tunavyowaadhibu. Katika nyumba nyingi, mtoto aliyevunja sahani kwa kuteleza na mtoto aliyesema uongo wanapata fimbo zile zile, na pengine wa sahani anapata nyingi zaidi, kwa kuwa sahani inanunuliwa na uongo haununuliwi. Aliyekojoa kitandani anaaibishwa mbele ya ndugu zake, aliyefeli hesabu anaitwa mjinga mchana kutwa, na aliyemtukana binti wa kazi anaachwa apite, kwa sababu aliyetukanwa hana sauti katika nyumba ile. Mtoto ana akili. Anafanya hesabu zake na kufikia hitimisho kwamba ubaya ni kile kinachowaudhi wakubwa, na kwamba njia ya kuwa salama ni kutoonekana. Baadaye tunampeleka kanisani na kumwambia kwamba Mungu anachukia dhambi, naye anasikia kwamba Mungu ni mkubwa mwingine wa kukwepwa, tena huyu anaona hata gizani.

Kwa hiyo, kazi ya kwanza ya mafundisho haya hufanyika jikoni, mahali ambapo mzazi anapaswa kujizuia kidogo kabla ya kupaza sauti na kujiuliza kama kilichotokea ni ajali, au utoto, au uovu. Maziwa yaliyomwagika hufutwa kwa kitambaa. Uongo juu ya maziwa yaliyomwagika ndio unaohitaji mazungumzo, nayo yafanyike kwa sauti ya chini, mtoto akiwa peke yake na mzazi wake, akielezwa kwamba amemkosea mama, na zaidi ya mama amemkosea Mungu aliye kweli. Daudi alikuwa amemwibia Uria mke na kumwua Uria mwenyewe, na bado akaandika, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako," kwa sababu aliona kwamba nyuma ya kila mtu tunayemuumiza yupo Muumba wake. Mtoto akilielewa jambo hili, hata kwa sehemu ndogo tu, ameanza kuielewa Injili, kwa maana asiyejua amemkosea nani hawezi kujua aende kwa nani kuomba msamaha.

Hapa naomba mnivumilie, akina baba na akina mama, na walimu wenzangu, kwa sababu nitasema kwa ukali kidogo. Watoto hawajui kuungama kwa kuwa hawajawahi kutusikia tukiungama. Wanatusikia Jumapili tukisema pamoja, kwa sauti moja, kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, kisha kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi hawasikii hata kosa moja lenye jina. Baba akirudi na hasira za kazini na kumfokea mama, kesho yake analeta nyama nusu kilo, na nyama hiyo ndiyo inayoomba radhi kwa niaba yake. Mzee wa kanisa akishikwa na fedha za jumuiya, atatuambia kwamba shetani alimpitia. Wapendwa, shetani ana makosa yake mwenyewe na atahukumiwa kwayo. Tusimwongezee na yetu. Adamu alimtaja mwanamke, mwanamke akamtaja nyoka, na tangu siku ile sisi sote ni mafundi wa kutaja mtu mwingine. Mtoto anayesema, "Ni yeye aliyeanza," amejifunza kwetu, tena amejifunza kwa bidii, naye hatakuwa na lugha nyingine mpaka asikie lugha nyingine ndani ya nyumba yake.

Mimi lugha hiyo niliisikia, na ninamshukuru Mungu. Mama yangu alikuwa mtu wa Uamsho, ule uliochipuka Gahini kule Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na kwetu Kagera, ambao wapendwa wake walijulikana kwa kuungama waziwazi na kurudisha walivyoiba, na kwa kuitana watembee nuruni. Siku moja fedha za mafuta ya taa zilipotea, na mama akamchapa kaka yangu kwa kuwa ndiye aliyekuwa na historia. Jioni, alipokuwa akifungua kitenge chake, fedha zikaanguka kutoka katika fundo alilokuwa amezifunga mwenyewe. Angeweza kunyamaza, kwa maana hakuna aliyemwona isipokuwa mimi niliyekuwa mdogo. Alituita sote, akaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni pamoja nasi, akasema, "Wanangu, nimemkosea Mungu, na nimemkosea kaka yenu. Nilimpiga bila kuuliza kwa sababu nilikuwa na hasira. Mwanangu, naomba unisamehe." Hakuongeza "lakini nawe umezidi." Kaka, aliyekuwa akipukusa mahindi, aliiacha mikono yake juu ya gunzi na hakujua pa kuangalia. Kisha mama akaomba, kwa sauti, akiitaja hasira yake kwa jina mbele za Mungu, akamshukuru kwa damu ya Yesu, na tukala.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya msamaha tangu wakati ule, mengine ya watu wenye elimu kubwa ya theolojia, lakini yaliyonishika ni yale ya kwenye nyasi. Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kusema, "Mimi ndiye," na asife; na kwamba mama hakupungua heshima machoni petu, bali sisi ndio tuliopungukiwa na hofu ya kumwendea. Kaka aliniambia, tukiwa watu wazima, kwamba tangu jioni ile hakuwahi tena kumficha mama jambo.

Turudi kwa watoto wenyewe. Kila mwalimu anamjua yule mtoto anayepewa shilingi 500 za sadaka na kununua karanga za 200 nje ya lango la kanisa. Huyu asiambiwe tu kwamba watu wote wametenda dhambi. Atakubali haraka, kwa sababu kundi kubwa ni mahali pazuri pa kujificha. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529, ambayo vijana wetu wa kipaimara huikariri, inapozungumzia maungamo inamwelekeza mtu aitazame hali yake mwenyewe kwa Amri Kumi: kama ni baba, mama, mwana, binti au mtumishi, kama amekuwa mkaidi, asiye mwaminifu au mvivu, kama amemuumiza mtu kwa maneno au matendo, kama ameiba, amepuuza au ameharibu kitu. Ni maswali ya nyumbani kabisa, na mtoto wa miaka minane anayamudu. Tumsaidie aseme, "Mungu, nilichukua shilingi 200 za sadaka yako nikanunua karanga, na nilimdanganya mama." Maombi hayo mafupi ni ya kweli kuliko dakika tano za kuomba kusamehewa tulizozijua na tusizozijua.

Naye akishasema, neno la pili lazima lije, na lije haraka. Hapa ndipo walimu wengi wenye nia njema tunakwama, kwa sababu tunaogopa kwamba mtoto akisamehewa upesi ataizoea dhambi, basi tunamwacha aning'inie kidogo ili ajifunze, au tunamsimulia habari za moto wa jehanamu hadi analia, na kilio chake tunakiita toba. Nathani hakufanya hivyo kwa mwuaji, na sisi hatuna ruhusa ya kuwafanyia hivyo watoto. Tumfungulie 1 Yohana 1:9 na kumsomea: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote." Tumwambie kwa jina lake kwamba Yesu aliibeba dhambi hii msalabani, hii ya karanga, na kwamba imeondolewa. Zile shilingi 200 tutazungumza baadaye namna ya kuzirudisha, pengine kwa kusaidia kazi ya kufagia uwanja, lakini ajue kwamba anarudisha kwa kuwa amesamehewa, wala hanunui msamaha kwa ufagio.

Kuna mtoto mmoja ambaye hapaswi kuwekwa katika somo hili namna hiyo, nami nitamtaja kwa kifupi lakini kwa uzito. Yupo mtoto aliyetendewa uovu na mtu mzima, akatishiwa anyamaze, naye anakuja darasani akiwa na aibu isiyo yake. Akisikia tukifundisha juu ya kuungama, anaweza kuja kutuambia kwamba ametenda dhambi. Huyo asiongozwe sala ya toba. Aambiwe wazi kwamba hakukosa, kwamba Mungu amemkasirikia aliyemtenda hayo, kisha habari zipelekwe kwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, hata kama mtuhumiwa anaimba kwaya.

Kwa wengine wote, lipo jambo moja ambalo huharibu kazi yote tuliyoifanya, nalo ni midomo yetu. Mika anasema juu ya Mungu kwamba atazitupa dhambi zote katika vilindi vya bahari, nasi tunazivua siku shangazi anapokuja kutembea. Chai inamiminwa, mtoto anapita na sahani ya ndizi, na mama anasema huku akicheka, "Huyu unayemwona ndiye mla sadaka." Mgeni anacheka, mtoto anaweka sahani mezani na kutoka, na neno la pili la Nathani limefutwa katika moyo wake na mtu yule yule aliyemsomea. Kwa hiyo nawaomba, wapendwa, kabla hatujafika tena Zaburi ya 51 darasani, kila mzazi amwite mwanawe ambaye kosa lake amewahi kulifanya hadithi ya wageni, amwombe radhi kwa kulitaja, na asilitaje tena.