Mgomo wa treni Caserta

Roma nairuka, mmeshaiona vya kutosha kwenye picha. Nataka kusimulia stesheni ya Caserta, mji wa kusini mwa Italia, siku wafanyakazi wa reli walipogoma.

Ubao wa matangazo ulikuwa "cancellato", yaani imefutwa, juu hadi chini. Kule, mgomo ukiangukia siku ya kazi, treni za mikoani lazima zitembee kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Mimi nilifika saa nne. Kichupa cha maji kiliuzwa kwa hela ambayo kwetu Tanga unakula wali samaki ukashiba.

Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja na mfuko wake wa malimau. "Parti anche tu?" Nawe unaondoka? Nikamjibu kwa "Lei", umbo la heshima: "Parto stasera. E Lei?" Naondoka jioni, na wewe je? Yeye akaendelea na "tu" yake, "wewe" ya kumwambia mdogo, kama mtu mzima aliyekwisha kuitikia marahaba. Kitabu changu cha sarufi kilinikaririsha partirò, andrò, arriverò, yaani nitaondoka, nitaenda, nitafika, kurasa nzima za wakati ujao, na benchi zima hakuna aliyezigusa. Wote walikuwa "domani parto", vilevile tunavyosema kesho naondoka. Hela ya kile kitabu ningenunulia maji.

Jasho lilinitoka kwenye vile vijineno vya kwendea. Sisi tunaenda Tanga, tunaenda Kenya, basi. Kwao mji unataka "a", nchi na mkoa "in", mtu "da". Bibi akaniandama kwa maswali. Unaenda wapi? "A Benevento." Kwa nani? "Da mia cugina," kwa binamu yangu. Kesho? "In Puglia." Kufanya nini? "A vedere il mare," kuona bahari. Akaniuliza kwetu hakuna bahari? Nikamwambia ipo, tena bure.

"Allora parti alle sei," akasema, "se Dio vuole." Basi unaondoka saa kumi na mbili, Mungu akipenda. Marehemu bibi yangu hata kwenda sokoni Ngamiani hakusahau inshallah. Wangepatana hawa.

Jioni treni ikaja, fupi, na watu wa kutwa nzima wakaivamia. Bibi alipishwa kiti. Mimi nilisimama hadi Benevento, na nauli hawakupunguza hata senti.