Ruta Haikuwa na Kosa

Kwa muda wa wiki tatu ruta ya nyumbani kwangu Tabata ilikuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe karibu kila jioni, hasa watoto waliporudi na kuunganisha simu zao, huku mimi nikiipigia simu kampuni ya intaneti na kuilaumu kwa kosa ambalo, kama nilivyogundua baadaye, halikuwa lake. Kosa lilikuwa kwenye adapta, yaani kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachoipa ruta umeme, niliyoinunua mwenyewe baada ya ile ya awali kuungua. Siku niliyoigusa na kukuta ina joto lisiloshikika ndipo nilipoigeuza ruta na kusoma maandishi ya chini yake: volti 12, ampea 1.5. Adapta yangu ilikuwa ya volti 12, lakini ampea 1 tu.

Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, kwa hiyo ruta ingeweza kuhitaji hadi wati 18 kutoka kwa adapta iliyotengenezwa kutoa 12. Mchana, kazi inapokuwa ndogo, ruta haifiki kiwango hicho. Jioni mzigo unapoongezeka, adapta huzidiwa, volti zake hushuka, na ruta hujizima. Adapta iliyozidiwa hupata joto, na kwa hali ya hewa yetu ya Februari, ikiwa imebanwa nyuma ya kabati kama nilivyoibana mimi, joto hilo halina pa kutokea.

Nilipokwenda Kariakoo niliomba adapta ya ampea 2. Muuzaji, kijana mwenye adabu zake, alinizuia: "Mama, hiyo kubwa, itakuunguzia ruta." Kauli hiyo nimeisikia hata kwa mafundi, na nadhani chanzo chake ni kuchanganya volti na ampea. Volti ndizo adapta inazozisukuma kwenye kifaa, kitake kisitake, na ndiyo maana ni lazima zilingane. Adapta ya kompyuta ya volti 19 inaweza kweli kuiua ruta ya volti 12. Ampea zilizoandikwa kwenye adapta ni kikomo cha uwezo wake tu, na kifaa huvuta kiasi kinachohitaji, hata kama kikomo hicho ni mara mbili au tatu ya mahitaji yake. Nilimwonyesha soketi ya ukutani kwake, ambayo ni ya ampea 13: taa ya mezani ya LED ya wati 9, ambayo kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta takriban ampea 0.04, huchomekwa humo kila siku na haiungui. Alicheka, akanipa ya ampea 2.

Hata hivyo, usisome mstari usio wenyewe. Lebo ya adapta ina mstari wa INPUT, unaohusu umeme unaoingia kutoka ukutani, na wa OUTPUT, unaohusu unaotoka kwenda kwenye kifaa. Mimi niliwahi kurudisha dukani adapta nzima kabisa kwa sababu nilisoma ampea 0.5 za mstari wa kwanza. Tazama pia mchoro mdogo wa duara unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje, kwani pini mbili zinaweza kuingia kwenye tundu lilelile huku chanya na hasi zimegeuzwa. Zile adapta za zamani, nzito, zenye transfoma ndani, mimi huzipima kwanza kwa mita ya umeme, maana ya volti 12 isiyo na kidhibiti cha volti inaweza kupanda hadi volti 16 ikiwa haina mzigo.

Ile ya ampea 1 sikuitupa. Sasa inaendesha king'amuzi kinachohitaji volti 12 na miliampea 800, yaani ampea 0.8, na kila nikiigusa naikuta vuguvugu tu.