Kodisepini: inaua seli za saratani kwenye sahani ya maabara, lakini kwenye damu haidumu

Mtu aliyekulia kwenye miombo ya Sikonge au Urambo hahitaji kufundishwa uyoga. Ila huu unaouzwa kama unga wa rangi ya chungwa, kwa madai kwamba unatibu saratani, si uyoga wa mboga. Ni Cordyceps militaris, kuvu anayeota juu ya viwavi na pupa wa nondo. Wanaomlima kibiashara humwotesha mara nyingi juu ya mchele. Kiini chake kinachosifiwa ni kodisepini, iliyotengwa maabara tangu mwaka 1950, na sifa hizo si za kubuni. Shida iko njiani, kati ya kikombe na uvimbe.

Kodisepini inafanana sana na adenosini, tofali mojawapo ambalo seli hutumia kujenga RNA, nakala ya maagizo ya kutengeneza protini. Tofauti yake ni kwamba kaboni ya 3 ya sukari yake imekosa oksijeni. Seli haitambui tofauti hiyo. Inaiongezea fosfeti 3, inaipachika kwenye mnyororo wa RNA, na ujenzi unakwama papo hapo kwa sababu tofali linalofuata hushikia oksijeni ileile iliyokosekana. Mkia wa adenosini unaolinda ujumbe wa RNA nao hubaki mfupi. Seli ya saratani, yenye haraka ya kugawanyika, inakosa protini inazohitaji.

Sasa tazama dozi. Sahani ya maabara ikipewa mikromoli 100 kwa lita, hiyo ni takriban miligramu 25 kwa kila lita, na seli hulowa humo siku nzima, hata 3. Mwilini hakuna utulivu huo. Kimeng'enya kinachoitwa adenosini diaminesi huinyofoa kodisepini kundi lake la amino, ikabaki kitu kisichofanya kazi. Panya walipochomwa kodisepini moja kwa moja kwenye mshipa, nusu yake ilitoweka ndani ya dakika 2. Kijiko cha unga kwenye chai kinaanza na utumbo na ini, kabla hata ya kuifikia damu. Kuongeza vijiko hakusaidii, maana kimeng'enya hicho kimejaa mwilini.

Kuvu huyo ana ujanja wake. Mwaka 2017 watafiti wa China walionyesha kwamba hutengeneza pia pentostatini, inayokifunga kimeng'enya hicho. Lakini pentostatini ni dawa ya hospitali kwa aina ya saratani ya damu, na hushusha kinga. Mgonjwa aliyeko kwenye kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa za kemikali, hana kinga ya kuchezea.

Njia inayonipa matumaini ni ya Chuo Kikuu cha Oxford na kampuni ya NuCana: dawa NUC-7738, ambayo ni kodisepini iliyokwisha kupewa fosfeti ya kwanza na kufunikwa ili kimeng'enya kisiiguse. Maabara ilionyesha nguvu hadi mara 40 ya kodisepini tupu, na majaribio kwa wagonjwa yalianza 2019. Inaingizwa kwenye mshipa. Haimo kwenye kikopo chochote cha dukani.

Kama kikopo tayari kipo nyumbani, soma lebo. Ikisema Cordyceps sinensis, huyo ni kuvu mwingine, na kodisepini yake ni kidogo mno. Kisha pima wanga: chemsha kijiko 1 cha chai cha unga katika nusu kikombe cha maji, acha yapoe kabisa, dondoshea tone 1 au 2 za ayodini ya vidonda. Yakigeuka buluu nzito au nyeusi, umenunua mchele uliosagwa pamoja na uyoga. Maji yakiwa bado moto rangi haitokei, ndiyo maana wengi hudanganyika. Yamwage, usinywe. Kipimo hiki kinaonyesha wanga tu; kiasi cha kodisepini hakionekani kwa macho.

Ninachokiogopa kuliko unga wenyewe ni miezi inayopotea. Uvimbe wa titi au damu isiyo ya kawaida ukeni vipimwe hospitali ya Kitete, Tabora, mapema, na ukipewa rufaa ya hospitali ya Bugando, panda basi la Mwanza huku ugonjwa bado ni mdogo. Kikopo kibebe, daktari akione. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au dawa za kisukari asianze unga huu kabla ya kumweleza daktari, na anayesubiri upasuaji auache wiki 2 kabla, kwa sababu unaweza kuchelewesha damu kuganda.