Trimu ya usukani wa nyumbani: hatimaye imekubali

Imekubali! Leo nimepunguza throtli kwenye X-Plane, programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, nikaushikilia usukani pua isianguke, nikazungusha gurudumu la trimu (kazi yake ni kumwondolea rubani uzito wa usukani) hadi uzito ukaisha mkononi, nikaachia. Kasi ikatulia nodi 70 na usukani ukabaki palepale nilipouacha. Ndivyo ndege ya mafunzo ya Cessna 172 inavyofanya pale uwanja wa Wilson, Nairobi, na ndicho simuleta yangu imekuwa ikininyima tangu nianze masomo ya urubani.

Wenye usukani wa springi mnalijua tatizo. Springi huurudisha katikati daima, kwa hiyo unazungusha trimu huku ukilegeza mkono. Kwenye ndege halisi usukani hausogei. Kinachopungua ni nguvu ya kuushikilia. Nyumbani mkono ulikuwa unajifunza tabia ambayo mwalimu anaing'oa kila tukiingia fainali, yaani mkondo wa mwisho kabla ya kutua, na saa za angani ni ghali mno kwa kazi hiyo.

Sasa trimu ya programu nimeiacha katikati, haiguswi. Springi nimezitoa, nimefunga vipande viwili vya tyubu ya baiskeli vinavyovutana, na ncha zake zimeshikwa na kibao kinachoteleza. Gurudumu linasukuma kibao. Tyubu lazima zikazwe tangu mwanzo, la sivyo katikati panalegea na usukani unaelea.

Kilichonitesa ni skurubu. Fimbo ya kawaida ya M8 husogea milimita 1.25 kwa mzunguko, na kibao kinahitaji kwenda milimita 40. Mizunguko 32! Flapu za mabawa zikishuka, pua ya 172 hunyanyuka papo hapo; muda huo utautoa wapi? Nikaweka skurubu ya printa ya 3D, milimita 8 kwa mzunguko: mizunguko 5 tu. Lakini meno yake yamelala sana, tyubu zikivuta inajizungusha yenyewe na trimu inapotea polepole. Nimepaka grisi, nimefuta grisi, nimebadilisha nati, wapi! Dawa imekuwa kipande cha mkanda wa ngozi kinachobana ekseli ya gurudumu, kwa bolti ninayoikaza na vidole. Bamba la kushikilia nilikatiwa na fundi wa Kamukunji, na amelikata sawasawa kabisa.

Kupima usukani umefika wapi, potenshiomita (vipimo vya umeme vyenye kigusio kinachosugua) sizitaki tena. Vumbi likiingia, pua inatetemeka hata hujaigusa. Sensa ya sumaku na kibodi kidogo cha umeme cha Arduino Leonardo vinatosha. Kompyuta inaiona Leonardo kama jostiki.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya pedali za miguu, ila zitangoja. Usukani halisi huwa mzito kasi ikipanda na hulegea ukikaribia stoli (mabawa kushindwa kuibeba ndege kasi ikipungua mno), lakini tyubu zangu ni zilezile kwa nodi 50 na kwa nodi 110. X-Plane hutoa kasi ya ndege kwa UDP, njia ya kutuma data kwenye mtandao. Mota ya servo ikizivuta kufuata kasi hiyo, tumefika. Mchoro uko tayari. Mwenye kujua servo ya kuvuta tyubu mbili bila kuungua, naomba aniambie.