Dada wa uhasibu amepata msaidizi

Jamani, ofisini tumejaza dodoso la Belbin, yule mtafiti wa Uingereza aliyegawa kazi ya timu katika nafasi 9. Matokeo yakabandikwa ukutani: karibu sote ni watu wa mawazo mapya, na mmaliziaji, yaani mtu wa kuhakikisha kazi inakamilika bila makosa, ni dada yetu wa uhasibu peke yake! Ndiyo maana kila ripoti humwelemea yeye usiku wa mwisho. Belbin aliona kule Henley, chuo cha mameneja Uingereza, kwamba timu za werevu watupu mara nyingi zilishindwa, kwa kubishana tu. Bosi ameshampa dada msaidizi, nimefurahi sana. Ila waajiri, tafadhali, msichujie waombaji kazi kwa vipimo hivi. Mwaka nilioajiriwa ningejibu tofauti kabisa.