Sarafu ya sungura

Jumapili nilikuwa naosha vyombo, nimeweka Day of Judgement, albamu ya Ngozi Family, bendi ya Zambia ya Paul Ngozi, kwenye simu, dogo akaja na sura ya huruma kabisa, "Baba, spika yako imekufa?" Nikamwambia hapana mwanangu, gita ndo linavyolia hivyo. Akaniangalia, afu akaenda kunishtaki kwa mama yake nadhani.

Mimi huyo kimawazo nikahamia Mbeya ya zamani, sebuleni kwa Anko. Anko wa reli, kaka yake mama. Miaka ile akipanda treni ya TAZARA mpaka mwisho, Kapiri Mposhi kule Zambia, anaunganisha basi kwenda mji wa Kitwe, kwa shughuli ambazo mpaka leo kwenye ukoo hazijadiliwi, akirudi ana santuri kwenye begi. Za Wazambia watupu. Bendi ya WITCH, Lazy Bones!! ya 1975, yule mwimbaji wao Jagari, jina kalitoa kwa Mick Jagger wa Rolling Stones. Bendi ya Amanaz, albamu yao Africa, nayo 1975, ile taratibu yenye huzuni, ndo ya kuanzia kama masikio yako bado laini. Na hii ya Paul Ngozi ya 1976, mwaka uleule Wachina walipokabidhi reli, Anko alipenda kulisema hilo kana kwamba vyote viwili aliletewa yeye.

Basi jioni moja, baridi ya mwezi wa sita, wote tumevaa masweta ndani ya nyumba, akaitoa. Akaifuta kwa mkono wa shati. Sindano ilikuwa inarukaruka, akachukua senti hamsini, ile ya sungura, akaibandika juu ya kichwa cha sindano kwa selotepu iwe nzito. Ikatulia. Mkwaruzo, mkwaruzo, afu Hi Babe ikaanza. Jamani. Lile gita limepitishwa kwenye fazi, kile kidude cha kukwaruza sauti, mpaka limechanika, hamna kinanda, hamna tarumbeta, gita na besi na ngoma za Chrissy Zebby Tembo zinapigwa kama hazina kesho. Nilizoea bendi zenye magita matatu yanapokezana kistaarabu, hapa jamaa mmoja anatosha na hana adabu. Kifua kikawa kinatetemeka, sijui ni spika au ni mimi. Anko kafumba macho, kidole kimoja juu anasubiri kitu.

Mama akatokea jikoni. "Kaka, hii kitu ni mashine ya kusaga imeishiwa mahindi?"

"Dada, nipe dakika moja tu, anakuja kupiga solo."

Mama akasimama pale na mwiko wake mpaka solo ikaisha. Hakusema kitu, akarudi jikoni. Nimewaza sana ule ukimya wake.

Baadaye muziki ule ukafifia. Bei ya shaba ilishaporomoka, Zambia ikakauka, kaseti za kudurufu zikamaliza mauzo, disko likachukua kumbi, ukimwi ukaondoka na wanamuziki wengi mno wa kizazi kile. Paul Ngozi mwenyewe alifariki 1989. Jagari akaishia kuchimba vito porini, mpaka Wazungu wakusanyaji walipoanza kuzitoa upya plati zile, akarudi jukwaani, na 2023 WITCH wakatoa Zango, nzuri tu ile. Nakala za zamani zinauzwa kwa mamia ya dola. Za Anko zilipotelea kwenye kuhamahama, nyingine watoto walizifanya visahani vya kurusha, msiniulize watoto gani.

Sasa jioni ya Jumapili ile ya vyombo nikamtumia Anko linki ya Hi Babe wasap. Nikasubiri. Tiki za bluu. Nikajiandalia kabisa machozi ya mzee, labda voisi noti ndefu.

Akajibu: "Asante mjomba. Hivi huko hawana za Mbaraka Mwinshehe?"

Nikamtafutia. Akasikiliza zote, akanirudishia na vidole gumba. Ya Ngozi mpaka leo hajaisemea chochote, na mimi naogopa kumuuliza kama aliupenda ule muziki au alikuwa anaikumbuka Kitwe.