Mashine ya midundo ya mjomba imefufuka

Wadau, kile kiboksi cha rangi ya fedha kilichokuwa darini kwa mjomba kule Tukuyu si redio mbovu. Ni Roland TR-606, mashine ya kupiga midundo ya ngoma, toleo la mwaka 1981! Mjomba aliipigia kwenye bendi yao, bendi ikavunjika, nayo ikawekewa magunia juu.

Kwa unyevu wa Tukuyu nilitegemea kutu tupu. Kumbe ni betri tu zilizovuja. Nikasugua vyuma vyake, nikaweka nne mpya, taa zikawaka.

Utamu wenyewe ni huu: ndani hakuna sauti hata moja iliyorekodiwa. Kila mlio unazaliwa papo hapo na vipande vya umeme: transista, rezista na kapasita. Kwa hiyo ukibadilisha rezista, umebadilisha ngoma. Ngoma kubwa ya 606 ni fupi na kavu, kama mtu anagonga mlango kwa aibu. Nikaipeleka Mwanjelwa kwa fundi redio, tukang'oa rezista moja na mahali pake tukafunga volyumu tuliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Sasa nikizungusha, mlio unavutika mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, nayo tumeitolea tundu lake la waya ili niipitishe peke yake kwenye kifaa cha mwangwi.

Mjomba kasikiliza, kakunja uso: “Anko, umeshaiharibu. Ilikuwa nzima hii.” Halafu kaniomba nimwachie mpaka Jumapili.

Akinirudishia nitawawekea klipu. Sikilizeni kwa spika yenye besi, si kwa simu.